Mpaka Samaki wa Kwanza

Sheria ya Kinyozi ilikuwa fupi na haikuwa na rufaa: ziwani hakuna maneno ya maana mpaka samaki wa kwanza aingie ndooni. Unaruhusiwa kuomba maji. Unaruhusiwa kusema "nyoka" kama kuna nyoka. Mengine yote humsubiri samaki.

Waliomfahamu walidhani ni mzaha, maana mjini hapakuwa na mtu mwenye maneno mengi kumshinda. Siku zote za kazi alisimama nyuma ya kile kiti chake chenye ngozi iliyochanika, mkasi mkononi, akihutubia juu ya vichwa vya watu: mpira, bei ya sukari, ndoa za majirani, maumivu ya kiuno. Mteja aliingia na nywele, akatoka na upara na habari. Lakini Jumamosi alfajiri Kinyozi alifunga duka, akafunga na mdomo, akachukua fimbo zake za kuvulia na ndoo, akaenda kukaa ufukweni mwa ziwa kama mtu aliyeapishwa.

Jumamosi hii alikuwa na wageni. Kulia kwake, juu ya jiwe lililoonekana kuchongwa na adui, alikaa kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi kwa hofu. Kijana huyu aliitwa Breki. Alikuwa mwalimu wa udereva, na gari la kufundishia lina pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu. Miaka ya kuikanyaga ili kuokoa roho yake ilikuwa imemwachia ugonjwa. Akiogopa jambo lolote, hata la kusikia tu, mguu wake wa kulia ulikanyaga chini wenyewe. Tangu wafike hapo, mguu huo ulikuwa umechimba kishimo mchangani ambacho kuku angeweza kutagia.

Nyuma yao, kwenye mkeka, alikaa binti wa Kinyozi, fundi cherehani, ambaye nyumbani na mtaani walimwita Chiriku. Alikuwa na chupa ya chai, mkate, simu, na moyo uliokuwa ukichemka kuliko hiyo chai.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Breki alitaka kumwoa Chiriku, na Chiriku alitaka kuolewa na Breki. Hapo hapakuwa na tatizo. Kama ungekuwa mtihani, wangeweza kuandika jibu na kukunja karatasi. Walipendana tangu siku Chiriku alipogonga pipa la taka la manispaa katika somo la kurudi nyuma, na mwalimu, badala ya kufoka, akamwambia kwa upole kwamba pipa ndilo lililokuwa na makosa. Tatizo lilikuwa baba.

Mara ya kwanza Breki alikwenda dukani kuzungumza naye kiume. Kinyozi alimkalisha kwenye kiti, akampaka povu mpaka puani, na kila kijana alipofungua mdomo aliambiwa, "Usitikise kidevu, wembe hauna macho." Akatoka na kidevu laini na neno lake tumboni. Mara ya pili alikwenda akiwa amenyoa tayari. Kinyozi akamwangalia kisogo, akasikitika, akasema kisogo hicho hakiwezi kuachwa hivyo. Kichwa kikainamishwa. Mtu aliyeinamishwa kichwa haposi.

Mara ya tatu Kinyozi mwenyewe ndiye aliyesema, "Kama una neno la maana, njoo ziwani."

Na sasa walikuwa ziwani, jua limeshapanda juu ya matete, ndoo ni tupu, na adhuhuri basi la Breki lilikuwa linaondoka. Chuo chake kilikuwa kimefungua tawi katika mji wa mbali na kumpeleka yeye akalisimamie. Mvumilivu hula mbivu, ni kweli, lakini aliyesema hivyo hakuwa na tiketi mfukoni.

Breki aliegemea nyuma kidogo, mpaka kisogo chake kikakaribia goti la Chiriku.

"Niseme sasa?" alinong'ona.

"Subiri."

"Nimesubiri mpaka makalio yamesahau kwamba ni yangu."

"Vumilia kidogo, mwenzangu. Akipata mmoja tu, utasema mpaka uchoke."

"Na asipopata?"

"Baba huwa anapata."

"Sshh," alisema Kinyozi, bila kugeuza shingo.

Breki akarudi kwenye mstari wake kama mwanafunzi wa bweni aliyekutwa anakula mkate baada ya kengele. Lakini kabla hajageuka kabisa alimtazama Chiriku, na Chiriku akamtazama, na mtazamo huo ulikuwa na nyumba ya vyumba viwili ndani yake, na cherehani dirishani, na gari la kufundishia limeegeshwa nje. Kisha simu ikatetemeka mkekani, na nyumba ikaanguka.

Ulikuwa ujumbe wa mama. *Amesema?*

*Bado,* Chiriku alijibu.

*Mungu wangu. Mwambie baba yako mkate wake uko kwenye kitambaa cha bluu, asije akasema hakufungiwa.*

"Baba," Chiriku alisema kwa sauti ya kawaida, "mama anasema mkate wako uko kwenye kitambaa cha bluu."

"Mwambie nimeuona."

*Anasema ameuona.*

*Mwambie ale.*

"Anasema ule."

"Mwambie nitakula nikisikia njaa."

Breki alikuwa ametoa macho. "Hayo si maneno?" alinong'ona.

"Hayo ni ya nyumbani tu. Hayana maana."

Ieleweke kwamba Kinyozi na mkewe hawakuwa wameachana. Walilala chumba kimoja, walikula meza moja, na waliheshimiana kama nchi jirani. Ila hawakuzungumza. Chanzo kilikuwa ukuta wa sebule. Kinyozi aliutaka wa kijani, mkewe akautaka rangi ya maziwa. Kila mmoja akanunua kopo lake, akaanza upande wake, na walipokutana katikati hakuna aliyekubali kupisha. Ukuta ulibaki nusu kwa nusu, na juu ya mpaka wakatundika picha ya harusi yao ili wageni wasiulize. Kuanzia siku hiyo kila neno kati yao lilipita kwa Chiriku. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako naja." Alikuwa binti, alikuwa fundi, na alikuwa posta.

Kizibo chekundu kilichoelea kwenye mshipi wa Kinyozi kikatikisika juu ya maji. Wote watatu wakainama mbele. Kizibo kikazama, kikaibuka, kikazama tena kwa nguvu. Kinyozi akainua fimbo. Mshipi ukatoka majini ukidondosha matone, bila samaki na bila chambo.

"Wajanja leo," alisema, na akaanza kufinyanga donge jingine la unga, taratibu, akiwa amewageuzia mgongo.

Mara kizibo cha Breki nacho kikazama. Breki akaruka, mguu ukakanyaga breki, mikono ikavuta fimbo juu mpaka mshipi ukapita kichwani na kumpiga shavuni. Hapakuwa na kitu.

"Lete nikutilie chambo," Kinyozi alisema kwa ukarimu mkubwa. "Wewe mgeni. Usishike unga huu, utanuka mpaka kwenye basi."

"Asante, mzee. Lakini, mzee, mimi nilikuwa—"

Kinyozi akaelekeza kidole kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa tupu. Breki akafunga mdomo, meno yakagongana.

Ikaendelea hivyo. Samaki walikuja, vizibo vilizama, fimbo ziliinuliwa, na ndoo ikabaki tupu kama tumbo la Jumapili jioni shuleni. Breki alikuwa ameanza kuamini kwamba kosa ni lake. Alijaribu kuvuta mapema, kisha kuchelewa, kisha kwa mkono wa kushoto. Mwishowe aliacha kujaribu. Alimgeukia Chiriku, na safari hii hakujali kama ananong'ona vizuri.

"Hata samaki ananikataa."

"Usiseme hivyo."

"Nisikilize, Chiriku. Nimekwenda kwenye kiti chake, akaniwekea wembe. Nimekuja kwenye ziwa lake, ameniwekea samaki. Kesho atanipeleka wapi, juu ya mti? Leo nikiondoka bila neno lake, sirudi kuomba tena."

Chiriku akaiweka chini chupa ya chai. "Ndiyo kusema hunipendi?"

"Nakupenda mpaka nimejifunza kukaa juu ya jiwe. Lakini mtu hawezi kubisha hodi mpaka akawa sehemu ya mlango."

"Basi nikimbie nawe? Nipande basi na mkasi wangu?"

"Ungekubali?"

Chiriku alijua asingekubali, na Breki alijua, na wote wawili wakatazama maji kana kwamba maji ndiyo yaliyouliza.

"Sshh," alisema Kinyozi. Kisha akasimama, akanyoosha mgongo, akatoa sababu ya kibinadamu ambayo hata sheria yake haikuizuia, na kuelekea nyuma ya vichaka.

Alipoondoka tu, kizibo chake kilivutwa kando mpaka kwenye matete, kikanasa huko. Chiriku akakunja gauni, akaingia majini hadi magotini. Aliushika mshipi, akaufuata kwa vidole, akapita kizibo, akapita kijiwe cha risasi kinachouzamisha, akafika mwisho.

Mwishoni palikuwa na kipande cha donge la unga kilichofungwa kwa uzi. Uzi mweupe wa pamba, fundo dogo safi. Chiriku alilitambua, ndilo fundo ambalo yeye mwenyewe alimfundisha baba yake kwa ajili ya vifungo vya shati. Alilibonyeza donge. Akalivunja. Ndani yake hamkuwa na kitu. Ndoano haikuwepo. Haikukatika, haikupotea. Haikuwekwa.

Baba yake alikuwa amekaa tangu alfajiri akiwalisha samaki kifungua kinywa.

Alisimama pale majini mpaka Kinyozi aliporudi akifunga mkanda. Breki alikuwa mbali kidogo, kichwa mikononi, akilisimulia jiwe shida zake. Kinyozi alimwona bintiye, akauona mshipi mkononi mwake, akaingia majini naye na viatu vyake.

"Imekatika," alisema, kwa sauti ya chini.

"Baba."

"Ndoano za siku hizi—"

"Baba, umelifunga kwa uzi."

Kinyozi aliangalia matete.

"Na yake?" Chiriku aliuliza.

"Yake nini?"

"Ndoano yake."

"Mgeni anaweza kujiumiza," alisema Kinyozi.

Hasira ilimpanda Chiriku kutoka kwenye maji yale ya baridi mpaka masikioni. "Umemwamsha mtoto wa watu gizani. Umemkalisha juu ya jiwe. Sheria umetunga mwenyewe, na samaki umewazuia mwenyewe. Ulikuwa na nia ya kumjibu kweli?"

"Ukimwambia, ataondoka na hasira," Kinyozi alinong'ona. "Usipomwambia, ataondoka na basi. Vyovyote, mwanangu, jioni tutakuwa nyumbani, na wewe una gauni la bibi harusi wa watu la kumalizia."

Hapo ndipo Chiriku alipoona kwamba wanaume hawa wawili, mmoja kwa woga na mmoja kwa ujanja, wamekuwa wakipigana asubuhi nzima juu ya nani atasema, wakati yeye ana mdomo. Alitoka majini. Alikwenda moja kwa moja kwenye fimbo ya Breki, akaiinua, akaukamata mshipi na kuuweka mbele ya uso wa kijana.

"Tazama," alisema, kwa sauti iliyowafanya ndege waondoke kwenye matete.

Breki alitazama. Alitazama donge, uzi, fundo. Mguu wake haukukanyaga chochote. Aliinuka polepole, akajipangusa mchanga, akachukua begi lake.

"Mzee," alisema, "naomba ruhusa nikawahi basi."

"Hujapewa," Chiriku alisema. "Kaa."

"Chiriku, nimedharauliwa mpaka na unga."

"Umedharauliwa wewe asubuhi moja. Mimi kuna mtu ameniuliza kitu? Baba, huyu namtaka. Namtaka kwa akili zangu, si kwa sababu ya shati. Kama una sababu ya kumkataa, itoe sasa hivi, na samaki wote wasikie. Ni mlevi?"

"Si mlevi," Kinyozi alikiri.

"Ni mvivu? Ana mke mahali?"

Mguu wa Breki ukakanyaga. "Sina," alisema haraka.

"Nimemchunguza," alisema Kinyozi. "Kijana ni mzuri. Ndiyo maana nikatoa ndoano. Angekuwa mbaya ningemkataa siku ile ile, kwa povu."

"Basi nini?"

Kinyozi alitoka majini, akakaa kwenye mchanga, viatu vikitoa maji. Aliangalia upande wa pili wa ziwa ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia.

"Ukiolewa ukaenda huko," alisema hatimaye, "nani ataniambia chakula kiko tayari?"

Breki alifikiri ni mzaha, akataka kucheka, akauona uso wa Chiriku, akaacha.

"Mnicheke tu," Kinyozi aliendelea. "Kazini nasema mpaka koo linauma. Nikifika nyumbani nakaa upande wangu wa ukuta. Nasikia mama yako anakwambia wewe, 'Mwambie baba yako mvua inakuja.' Nakuwa nimeshasikia. Lakini nangoja uniambie, ndipo nijibu. Usipokuwepo, itakuwaje? Ataiambia sufuria, nami niwe naisikiliza sufuria?"

Upepo ulipita juu ya maji. Chiriku alihisi hasira ikitafuta pa kukaa na kukosa. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mtu akikukosea, angalau akuachie hasira yako.

"Hujajibu nilichouliza," alisema, kwa sauti iliyopungua. "Unakubali au hukubali?"

"Kauli yangu peke yangu haitoshi. Lazima na ya mama yako. Mtoto ni wa wawili."

"Muulize."

"Muulize wewe, umwambie baba anasema—"

"Hapana, baba. Posta imefungwa."

Akabonyeza namba ya mama yake, akaiweka simu katika kiganja cha Kinyozi, akakikunja kiganja juu yake. Kisha akaenda kusimama kando ya Breki na kugeukia ziwa, ili mzee asipate uso wa kuombea msaada.

Sauti ya mama ikatoka, kali na ya wasiwasi. "Ehe. Amesema?"

Kinyozi aliinua simu sikioni kwa namna mtu anavyopima joto la maji ya kunyolea. Akakohoa.

"Ni mimi," alisema.

Upande wa pili mwiko ukaacha kugonga sufuria.

"Wewe nani?"

"Mimi. Mumeo."

Sufuria ikasikika ikiwekwa chini.

"Mtoto amepatwa na nini?"

"Hajapatwa na kitu. Yuko hapa. Huyu kijana anamtaka."

"Hilo hata paka anajua. Umemjibu nini?"

"Sijamjibu." Kinyozi alijipangusa unga kwenye suruali. "Nimeona nikuulize wewe kwanza."

Breki alitafuta mkono wa Chiriku bila kuangalia, akaupata. Ulikuwa na maji ya ziwa na unga.

"Chai umekunywa?" sauti ya mama iliuliza, ikiwa imeshuka.

"Nimekunywa. Haikuwa na sukari."

"Niliweka. Hukukoroga."

"Nikoroge vipi, na mjumbe wa kuniambia alikuwa amekasirika?"

Na hapo, kwenye ufukwe ule, mbele ya ndoo tupu na wapenzi wawili waliosimama kama washtakiwa wakingoja hukumu, kicheko cha mwanamke kilisikika kwenye simu. Kinyozi akainuka. Akaanza kutembea kandokando ya maji, viatu vikilia, akizungumza. Mwanzoni alisema neno moja moja. Kisha sentensi. Kisha mikono ikaanza kuruka hewani kama yuko dukani, na sauti ikamfungukia, mpaka akawa umbo dogo kule mbali, linalosimama, linalotembea, linalorudi nyuma, likisema, likisema.

Wakangoja.

"Wanazungumza juu yetu?" Breki aliuliza.

Chiriku alitega sikio. Upepo ulileta neno "kijani," kisha "hapana, sikiliza," kisha neno "dari."

"Ukuta," alisema. "Wako kwenye ukuta."

"Na sisi?"

"Tunafuata."

Wakangoja tena. Kivuli cha jiwe kikajikunja chini ya jiwe. Breki alitazama barabara iliyopita juu ya kilima, akamtazama Kinyozi, akaitazama barabara. Alikuwa mtu wa ratiba. Wanafunzi wake waliochelewa walijifunzia nje ya gari. Kilimani basi likajitokeza, jeupe, lenye mizigo paani, likapiga honi kwenye kona. Chiriku aliuachia mkono wake, ili asije akasema kwamba alizuiwa.

Breki hakuondoka. Alifuata basi kwa macho mpaka mti wa mwisho, mpaka vumbi likatulia, kisha akainama, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akakunja suruali yake ya pasi.

"Umelikosa," Chiriku alisema.

"Nimeliona likienda."

"Bosi wako utamwambia nini?"

"Nitamwambia niko kwa wakwe, nangoja wamalize kugombana."

"Hawajakuwa wakwe bado. Hajasema."

"Hajasema," Breki alikubali, kwa uchovu, akaketi ukingoni na kutumbukiza miguu majini.

Chiriku akakaa karibu naye, bega kwa bega. Alikuwa na njaa, gauni limelowa, na alikuwa na maneno ya kumwambia baba yake ambayo yangetosha wiki nzima. Kule mbali Kinyozi aligeuka, akawaona, akakumbuka kwamba wapo. Breki akanyoosha shingo. Chiriku akanyanyuka nusu.

Kinyozi aliinua kiganja: subirini kwanza. Akawageuzia mgongo, akaendelea kuzungumza na mkewe.